Bustani ya Nyumbani: Habari ya Magome

Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuandika habari za vitalu vya vitunguu, lakini imetufikia barua iliyotulazimu kuviweka vitunguu kando. Imetoka kwa mama mmoja mjane wa milima hii yetu ya Njombe, mwenye watoto wanne, naye ametuandikia kwa upole kuliko tulivyostahili. Asema kwamba alisoma katika ukurasa huu, katika toleo la mwezi wa Novemba, ya kuwa magome ya miti yatupwayo penye viwanda vya mbao ni kitu chema kwa bustani. Akaenda kiwandani, akapewa bure. Akamlipa mwenye mkokoteni wa ng'ombe kwa safari tatu, akayachimbia magome yale katika matuta yake yote, akapanda miche 300 ya kabichi. Sasa kabichi zimesimama, hazikui. Majani ya chini yamegeuka manjano, ya juu ni madogo na membamba. Na fedha ya mbegu pamoja na ya mkokoteni aliikopa katika chama chao cha kuweka na kukopa, naye alitumaini kuirudisha kabichi zitakapouzwa. Mwisho auliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Tulilitafuta toleo lile tukayasoma tena maneno yetu. Tuliandika kwamba magome "yatiwe bustanini." Hatukusema kama ni juu ya udongo au ndani yake. Mtu asomaye neno "yatiwe," naye ameshika jembe mkononi, atafanya nini ila kuchimba? Basi jibu la swali lake ni kwamba hakukosea yeye, tulikosea sisi. Hatukuona vema kumjibu kwa barua tu, wakati ambapo huenda wengine kati yenu walisoma neno lile lile wakafanya kama alivyofanya yeye.

Siku ya Jumamosi tulifunga safari kwenda kwake. Alitupokea vizuri, akatupa uji, akatuongoza bustanini. Hatukuwa watu wa kwanza kuitwa. Shemeji yake alikuwa amekwisha kusema kwamba ni mvua, kwa maana mwaka huu imenyesha sana. Na neno hilo halikuwa la upuuzi, kwa kuwa mvua kubwa huosha chakula cha mimea na kukipeleka chini mbali na mizizi. Jirani alisema magome ya mipaini yana sumu. Kijana mmoja mwenye duka alimwuzia dawa ya kupuliza, naye alikuwa amepuliza mara mbili, fedha nyingine ikapotea bure, maana hapakuwa na mdudu wala ugonjwa wa majani.

Tulichimbua miche miwili. Mizizi ilikuwa myeupe na mizima. Lakini kandokando yake vilikuwamo vipande vya magome, na juu ya vipande hivyo umeshika utando mweupe kama nyuzi za buibui. Huo ni ukungu, nao ulikuwa ukifanya kazi yake kwa bidii. Tena tuliona jambo lingine: katika ncha ya tuta la mwisho, pale magome yalipomwishia, ilikuwapo miche sita au saba ya kijani kibichi, mipana, yenye afya. Mvua iliyoinyeshea ni ile ile, na mbegu ni ile ile. Mama mwenyewe alikuwa ameiona, akadhani labda pale palikuwa na jivu la zamani.

Hapa yatupasa kuungama jambo la nyumbani mwetu pia. Sisi nasi tulileta magome kutoka kiwanda hicho hicho, mwezi ule ule. Mama wa nyumba yetu hakuyachimbia. Mpini wa jembe ulikuwa umevunjika, nasi tulikuwa tumeahidi kuutengeneza tusiutengeneze, basi yeye akayamwaga juu ya udongo kati ya mistari ya kabichi na chini ya miparachichi, akaendelea na kazi zake. Kabichi zetu zimefunga vizuri. Tulikuwa tukijisifu kwa wageni kwa ajili ya kabichi hizo, kumbe sifa ni za uvivu wetu wa kutengeneza mpini.

Sasa sababu yake ni hii. Udongo hauko mtupu. Katika kijiko kimoja cha udongo mwema mna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, wingi wake hauhesabiki, na pamoja navyo zimo nyuzi za ukungu. Hivyo ndivyo viozeshavyo majani, mabua, samadi na magome. Ili vikue na kuzaana vyahitaji vitu viwili zaidi ya vingine: kaboni, ambayo kwao ni kama kuni na unga, na naitrojeni, ambayo kwao ni kama maharage na nyama, kitu cha kujengea mwili. Mimea nayo hutaka naitrojeni ili ifanye majani ya kijani. Magome ya mti yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo sana. Basi ukiyachimbia chini, umewaandalia wenyeji wa udongo karamu ya ugali bila mboga. Watakula, lakini mboga wataitafuta penginepo, na pa kuitafuta ni katika udongo ule ule ambamo mizizi ya kabichi yanyonya. Nao ni wepesi kuliko mizizi. Kabichi ikikosa naitrojeni huitoa katika majani yake ya zamani na kuipeleka kwenye yale machanga. Ndiyo maana manjano huanzia chini. Majani machanga yakianza kuwa manjano huku ya chini yakiwa ya kijani, tafuteni sababu nyingine.

Waalimu wa shule watapenda kujua hesabu yake, nayo yaweza kufanywa ubaoni. Mwili wa viumbe hawa una sehemu 8 hivi za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Lakini kaboni nyingi huunguzwa kwa kupumua, kama kuni zinavyoungua jikoni, hata chakula kinachowatosha sawasawa ni kile chenye sehemu 24 hivi za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Samadi ya ng'ombe iliyokaa vizuri hukikaribia kipimo hicho au huwa chini yake, yaani ina naitrojeni ya kutosha na kusaza. Mabua ya mahindi hufika 60 na kuzidi. Magome ya miti kwa kawaida hupita 100, na ya mipaini yaweza kufika mamia kadhaa. Unga wa mbao utokao kwenye msumeno ni mbaya zaidi, mara nyingi hufika 400 na zaidi, tena ni laini, huliwa upesi, na kwa hiyo huupokonya udongo kwa ghafula kuliko magome.

Tuseme basi mtu amechimbia kilo 100 za magome makavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, yaani kilo 50. Kama kipimo cha magome hayo ni 200 kwa 1, naitrojeni iliyomo ni robo kilo tu. Lakini ili kilo 50 za kaboni ziliwe zote, zahitaji naitrojeni kilo 2 na zaidi kidogo. Pungufu ni kilo moja na robo tatu hivi, nayo itatolewa katika udongo. Kwa rehema, magome huoza polepole, hivyo deni hilo halidaiwi lote msimu mmoja. Wala haipotei naitrojeni ile. Imefungwa tu katika miili ya viumbe vile, na kaboni ikikaribia kwisha, navyo vikifa na kuoza, hurudi kwa mimea. Tatizo ni kwamba kabichi ya miezi mitatu haiwezi kungoja mwaka.

Labda mtu atauliza: mbona basi magome ya juu hayafanyi vivyo hivyo? Yafanya, lakini pale tu yagusapo udongo, katika tabaka nyembamba ya juu kabisa. Chini ya hapo, mizizi ilipo, naitrojeni haikuguswa. Hata upungufu ule mdogo wa juu una faida, kwa maana mbegu za magugu zianguka hapo na kukosa nguvu. Miaka inavyopita, sehemu ya chini ya magome hugeuka mboji kidogo kidogo, minyoo huishusha, na udongo hupata kalisi na potasi zilizokuwamo katika magome. Kwa hiyo udongo uliotandazwa magome juu, baada ya miaka kadhaa, waweza kuwa na rutuba kuliko ulioachwa wazi. Kitu ni kimoja, kiwanda ni kimoja. Umbali wa upana wa kiganja, juu au chini, ndio uliotofautisha bustani mbili.

Sasa habari ya dawa, kwa yule mama na kwa wengine waliochimbia kama yeye. Msiyafukue magome yote, mtakata mizizi. Okoteni vipande vikubwa vinavyoonekana, mviache juu. Kisha ilisheni mimea naitrojeni iwezayo kutumika upesi. Mwenye ng'ombe na achukue mkojo wao, auchanganye kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi, amwagie udongoni kando ya shina, si juu ya majani. Asiye na mkojo aloweke samadi ndani ya gunia katika pipa la maji kwa wiki moja au mbili, ayapunguze makali maji hayo hata rangi yake iwe kama chai ya rangi. Mwenye kuweza kununua yurea, kizibo kimoja cha soda chatosha mche mmoja: kiwekwe umbali wa kiganja kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu, kifukiwe, kwa maana yurea iachwayo wazi juani huruka hewani. Kwa miche 300 ni kama kilo moja na nusu tu. Baada ya wiki tatu rudieni mara moja. Anayeambiwa anunue mfuko mzima wa kilo 50 na aulize kwanza hesabu hii.

Baada ya kabichi, katika matuta hayo pandeni kunde au maharage. Hayo yana vinundu mizizini ambamo hukaa viumbe viwezavyo kuitwaa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hayategemei sana ile ya udongo. Maharage ya kawaida huanza kwa unyonge kidogo kabla vinundu havijakomaa, msivunjike moyo.

Turudi kwa magome yenyewe, maana hatupendi watu wayachukie kwa sababu ya kosa la kalamu yetu. Kutoka Sao Hill huko Mufindi mpaka kwetu Njombe, misumeno haikomi, na magome hulundikwa mpaka yakawa taabu kwa wenye viwanda. Wengine huyachoma moto. Nasi huku tuna miezi mingi ya kiangazi, tangu Mei au Juni hata Novemba, udongo ukikauka na kupasuka. Magome yakitandazwa hulizuia jua lisinyonye maji. Huzuia pia matone ya mvua yasirushe tope juu ya majani ya mboga, maana magonjwa mengi hupanda na tope hilo.

Mahali pake pa kwanza ni chini ya miti ya kudumu: kahawa, matunda, na zaidi ya yote miparachichi, ambayo siku hizi karibu kila nyumba ya Njombe imeipanda. Mizizi ilishayo mparachichi iko juu juu sana, hata jembe la palizi huikata. Ukitandaza magome huna haja ya kupalilia na jembe, na mizizi ile hupanda yenyewe ikalisha katika ubaridi wa chini ya magome. Unene uwe inchi 2 mpaka 4; ukizidi hapo mvua ndogo haifiki chini. Utandaze mpaka pale kivuli cha matawi kinapoishia, wala usiyagusishe na shina: acha nafasi ya kiganja kizima pande zote, kwa kuwa gome lenye unyevu likikaa juu ya shina huliozesha. Kabla ya kutandaza, mwagilia udongo au ngoja mvua. Ukiufunika ukiwa mkavu, umeufungia ukavu ndani. Na kama una samadi, weka samadi kwanza juu ya udongo, kisha magome juu ya samadi, nao utakuwa umelipa deni kabla ya kudaiwa. Penye mteremko mkali laza mabanzi kwa kukingama upande wa chini, maana magome huelea, na mvua ya Machi itayapeleka yote mtoni.

Katika vitalu vya mbegu ndogo kama mchicha na karoti, magome yasitumike kabisa. Mizizi ya mche mchanga huishi katika tabaka ile ile nyembamba tuliyoitaja, na hapo ndipo pana njaa.

Jambo moja latupa shaka kila mwaka, nalo ni baridi kali ya Juni na Julai. Udongo ulio wazi na wenye unyevu hunywa joto la jua mchana na kulitoa usiku, ukaipasha mimea joto kidogo. Udongo uliofunikwa haufanyi hivyo, na jalidi huanguka juu ya magome kwa ukali zaidi kuliko juu ya udongo mtupu. Kwa miti mikubwa haidhuru. Lakini mwenye miparachichi michanga bondeni, ambako jalidi hukusanyika, afadhali ayasogeze magome pembeni katika miezi hiyo miwili na kuyarudisha Agosti. Ni kazi, twajua.

Magome si ya aina moja. Ya miwati, miti iliyoenea Njombe tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa mwaka 1949, yana tanini nyingi, ile dawa ya kutengenezea ngozi. Tanini iizuiayo ngozi isioze huyachelewesha na magome kuoza, kwa hiyo hayo hudumu sana juu ya ardhi. Ya mikaratusi yakiwa mabichi hudhuru miche. Yalundikeni pamoja na samadi, myageuze kila baada ya wiki chache, kwa miezi kadhaa, ndipo yatumike. Lundo la magome ya namna yo yote likikaa limebanana na kulowa, huchacha na kutoa harufu kama ya siki. Yakinuka hivyo yasambazeni yapigwe na upepo siku chache, la sivyo yataunguza mimea.

Tena, na neno hili tumeliandika kwa uangalifu ili tusilazimike kuandika barua nyingine ya toba: chukueni magome, msichukue maranda wala unga wa mbao wa mahali pakatwapo nguzo za umeme au mbao zilizokwisha kutiwa dawa ya kuzuia mchwa. Dawa itumiwayo sana huwa na shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu. Mbao za namna hiyo mara nyingi huwa na rangi ya kijani. Zisiingie bustanini, wala zisichomwe jikoni.

Yule mama tulimwachia maagizo haya, na gharama ya mkokoteni tumemrudishia, maana hilo lilikuwa deni letu si lake. Jirani yake mwenye ng'ombe watatu alimpa mkojo, naye na watoto wakamwagilia matuta yote kwa kopo. Tulipita tena baada ya wiki mbili na nusu. Miche arobaini hivi amekwisha kuing'oa akawapa mbuzi. Iliyobaki, majani ya katikati yamerudi kuwa ya kijani, na mingine imeanza kufunga, ingawa zitakuwa kabichi ndogo, nazo zitachelewa soko la Pasaka. Chama kimemwongezea miezi miwili. Tulipokuwa tukiaga akatuonyesha miparachichi miwili nyuma ya jiko na lundo la magome lililosalia, akauliza kama aweza kuyaweka pale juu. Tukamwambia ndiyo. Akaingia ndani akaleta daftari la mtoto, akataka tumwandikie kwa maneno kamili: unene inchi ngapi, umbali gani na shina, na kwamba ni juu.

Wengine mliochimbia, tuandikieni upesi, nasi tulio karibu tutafika. Vitunguu vitafuata mwezi ujao.